Kinyonga wa mdogo wangu anafumba macho mchana kutwa, nifanye nini?

Daktari, shikamoo.

Naishi Uyole, hapa Mbeya, na mama, mwanangu mchanga na mdogo wangu wa kiume anayesoma darasa la nne. Likizo ya Juni mdogo wangu alikwenda kwa bibi Isongole, akarudi na kinyonga. Ni mkubwa, wa kijani, ana pembe tatu usoni. Mama hakutaka aingie ndani kabisa, anasema ni mnyama wa nuksi, ila dogo alilia hadi tukamhurumia.

Tulimweka kwenye ndoo kubwa ya plastiki, tukafunika kwa kipande cha chandarua na kumwekea kijiti cha kupanda. Baridi ya huku unaijua, kwa hiyo ndoo inakaa jikoni karibu na jiko la mkaa. Maji tunamwekea kwenye kifuniko cha chupa. Tulijaribu kumpa mchicha na wali, hakugusa. Dogo akaanza kumkamatia panzi kwenye shamba la viazi la jirani, hao alikuwa anawadaka vizuri kwa ulimi.

Sasa inakaribia wiki mbili amebadilika. Macho yamezama ndani na anayafumba mchana kutwa. Rangi imekuwa nyeusi-nyeusi, haipendezi. Mdomo anauacha wazi kidogo, na jana niliona povu pembeni ya mdomo. Akishika kijiti, mikono inatetemeka. Akimlenga panzi, ulimi unatoka nusu halafu anaacha. Choo chake ni kikavu na kina kitu cha rangi ya chungwa.

Jirani yetu mfuga ng'ombe anasema atamchoma OTC kidogo, ile antibayotiki ya sindano ya ng'ombe, au tumpe tone la ivermektini, dawa ya minyoo ya mifugo, maana hiyo inatibu kila kitu. Mama anasema tumtupe. Mimi naogopa pia kwa sababu ya mwanangu wa miezi minane, watu wanasema mate ya kinyonga yana sumu. Je, atapona? Na tukimtibu, tuanze na nini?

Dada mtu, Uyole

* * *

Marahaba, mwanangu. Kinyonga wenu anaumwa kweli, tena ana matatizo zaidi ya moja, lakini mnyama ambaye bado anashika kijiti na bado anajaribu kumlenga panzi hajakata tamaa, na ninyi msikate. Mwambie jirani yako ahsante, ila sindano yake aiweke kando. Sababu nitakueleza.

Anza na maji, leo hii. Macho yaliyozama pamoja na ile rangi ya chungwa uliyoiona maana yake mwili umekauka. Kinyonga hakojoi majimaji kama sisi. Uchafu wa figo zake hutoka ukiwa mzito, mweupe kama chokaa, umeambatana na choo cheusi. Akinywa vya kutosha hubaki mweupe. Ukigeuka njano iliyokolea au chungwa, ana kiu ya siku nyingi. Na kiu hiyo imemkuta huku kifuniko cha maji kikiwa mbele yake, kwa sababu kinyonga hayatambui maji yaliyotuama. Kule Isongole alikuwa anakunywa umande, mvua na ukungu unaodondoka kwenye majani. Anachokijua ni tone linalometa na kutikisika.

Kwa hiyo mtoeni kwenye ndoo. Kata tawi la mpera lenye majani mengi, lisimamishe kwenye chombo chenye mchanga, mweke juu yake. Nunua chupa mpya ya kupulizia, ile wanayoloweshea nywele saluni. Bomba la kupulizia dawa shambani usiliguse hata kama limeoshwa mara ngapi. Pulizia majani asubuhi na jioni kwa maji ya vuguvugu, polepole, dakika tano hadi kumi, mpaka yawe yanadondoka. Mchana tundika juu ya tawi chupa ya maji uliyoitoboa kitako kwa sindano ya kushonea, tone lidondokee jani lililo karibu na pua yake, chini uweke beseni. Halafu kaa mbali umtazame. Mwanzoni atafumba macho na kujibana kwenye tawi. Baada ya muda taya litaanza kuchezacheza, atainua kichwa, na utaona koo likipanda na kushuka. Hapo anakunywa, usimsumbue.

Usimfungue mdomo ukammiminia maji. Tundu lake la pumzi liko hapo hapo kwenye sakafu ya mdomo, na maji yakipita huko yanakwenda mapafuni, mahali ambapo tayari pana shida.

Shida yenyewe ni hilo povu. Kinyonga mzima akiwa kwenye jua kali huachama ili apunguze joto, na hilo ni jambo la kawaida. Lakini kuachama akiwa kivulini, povu au ute mdomoni, pua iliyoelekezwa juu, mlio wa kukoroma anapovuta pumzi, hizo ni dalili za maambukizi ya njia ya hewa, yaani nimonia kwa lugha tuliyoizoea. Moshi wa mkaa umechangia. Joto la jiko mchana kisha baridi kali usiku wa manane moto ukizimika limechangia pia. Na mnyama aliyekauka hana nguvu ya kupambana na bakteria. Tatizo hili maji na jua peke yake havilitibu. Anahitaji daktari wa mifugo atazame ndani ya mdomo, aone kama kuna wekundu au usaha wa njano ulioganda kwenye fizi, na ikiwezekana achukue sampuli ya ute ili ajue ni antibayotiki gani inafaa. Dozi ya reptilia, yaani wanyama wa jamii ya mijusi, nyoka na kobe, huweza kuchukua wiki kadhaa, na inapaswa kumalizwa hata akionekana amechangamka.

Kuhusu dawa za jirani. OTC ya ng'ombe imetengenezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo. Kinyonga wenu hata gramu mia huenda hafiki. Huko kuchoma "kidogo" kwa macho hakuna kipimo, na dawa yenyewe huunguza nyama inapochomwa. Dawa nyingi pia hutolewa na figo, na figo za mnyama aliyekauka zinaweza kuharibika kwa dawa ambayo angeivumilia kama angekuwa na maji mwilini. Ndiyo maana nikasema maji kwanza. Ivermektini ndiyo inayonitia hofu zaidi. Inaua kobe, hilo linajulikana, na vinyonga dhaifu nao wameshaumizwa nayo. Ni dawa nzuri kwa ng'ombe na mbuzi, lakini imezoeleka mno vijijini hadi watu wanadhani haina madhara kwa kiumbe chochote.

Kwa sababu dozi inahesabiwa kwa gramu, mpime. Mizani ya jikoni haitoshi, lakini Mbeya hamuwezi kukosa mizani ya gramu: masonara wanayo, na wanunuzi wa dhahabu ya Chunya wanayo. Mwekeni kwenye kikopo chepesi kilichotobolewa, pimeni, toeni uzito wa kikopo. Andikeni. Mkirudia kila wiki mtajua anapona au anakwisha kabla macho hayajawaambia, kwani reptilia huficha ugonjwa hadi uwe umekomaa.

Sasa kutetemeka kwa mikono na ulimi unaoishia njiani. Hapa nina mashaka mawili, na yote mawili umweleze daktari.

La kwanza ni mifupa. Kinyonga hutumia jua kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo kalsiamu haiingii kwenye mifupa hata akila vizuri. Wenu amekaa ndani ya ndoo, jikoni. Mwili ukikosa kalsiamu huichota kwenye mifupa: miguu inapinda, taya linakuwa laini, mshiko unalegea, misuli inatetemeka, ulimi unakosa nguvu. Ugonjwa huu ndio unaowaumiza sana vinyonga wanaofugwa, na ukiwahiwa unaweza kusimamishwa, ila mfupa uliokwisha kupinda haunyooki. Kwa hiyo mshikeni kwa uangalifu mkubwa. Msimvute kutoka kwenye tawi. Weka kidole mbele ya kifua chake, chini kidogo, apande mwenyewe. Mfupa uliolegea unavunjika hata kwa mkono wa mtoto mwenye nia njema.

Dawa yake ni jua la asubuhi. Mtoeni na tawi lake kwa robo saa hadi nusu saa, ndani ya kitu chenye nyavu, upande mmoja kuwe na kivuli ili ajichagulie. Msiweke kioo wala plastiki katikati yake na jua, kwa sababu kioo huzuia miale ile ya urujuanimno anayoihitaji na kubakiza joto tu. Boksi la kioo juani litamuua kwa dakika chache. Mtu mzima akae naye muda wote. Kuku watamdonoa, paka atamchukua, na siafu wakimkuta hawezi kukimbia.

Kalsiamu mnaweza kuitengeneza nyumbani. Osheni maganda ya mayai, yachemsheni, yaanikeni yakauke kabisa, yatwangeni hadi yawe unga, kisha yachekecheni kwa kitambaa chepesi. Mrusheni panzi kwenye mfuko wenye unga huo kidogo, mtikise, halafu mpeni akiwa mweupe-mweupe. Msitumie DCP, ule unga wa madini wa kuchanganya kwenye chakula cha kuku. Ina fosforasi nyingi, na wadudu tayari wana fosforasi kuliko kalsiamu, kwa hiyo mtakuwa mnaongeza tatizo. Vitamini za matone za dukani nazo muachieni daktari, hasa vitamini A: ikipungua macho huvimba na ngozi kuukuu haitoki vizuri, ikizidi ni sumu.

Shaka la pili ni lile shamba la viazi. Nyanda zetu hizi viazi mviringo havilimwi bila kupuliziwa dawa, ya ukungu na ya wadudu pia. Panzi aliyeguswa na dawa huzubaa, na mtoto humkamata huyo kwa urahisi kuliko mzima. Baadhi ya sumu za wadudu husababisha hivyo hivyo ulivyoviona: kutetemeka, mate kujaa mdomoni, udhaifu. Siwezi kutofautisha kutoka kwenye barua, daktari akimshika ataweza zaidi. Ila kuanzia leo panzi wa shambani basi. Mdogo wako akatafute kwenye majani ya porini mbali na mashamba, au afuge nyenje kwenye ndoo ileile mliyomtoa kinyonga, awalishe karoti na majani mabichi. Mdudu asizidi upana wa kichwa cha kinyonga kati ya macho mawili. Vimulimuli asimpe kamwe. Na kwa siku mbili za mwanzo msihangaike na chakula. Akishaanza kunywa na choo kikarudi kuwa na weupe, ndipo mmpe wadudu wadogo, mmoja mmoja. Mchicha na wali sahauni.

Mahali pa kumweka: nje ya jikoni, chumba chenye hewa na mwanga, mbali na mlango unaopigwa na upepo. Mmekuwa mkimwonea huruma kwa baridi, na nia yenu naielewa, lakini kinyonga huyu ni wa baridi. Kwa maelezo ya pembe tatu na mahali alikotoka, nadhani ni yule wataalamu wanaomwita Trioceros fuelleborni, ambaye makazi yake ni milima hii yetu ya Uporoto na Rungwe, wala hapatikani porini nje ya Tanzania. Amezoea mchana wa nyuzi 20 hadi 26 hivi na usiku wa baridi. Kinachomfaa sasa akiwa mgonjwa ni mchana wa joto la wastani na usiku usio wa baridi ya kupindukia. Karibu na jiko joto hupita nyuzi 30 kirahisi, na hapo anateseka. Ile rangi nyeusi nayo isomeni kwa saa yake: asubuhi na mapema kinyonga hujifanya mweusi ili anase joto la jua, na usiku akilala hupauka. Akibaki mweusi mpaka saa nane mchana na macho yamefumba, huyo ni mgonjwa au anaishi kwa hofu.

Niwaambie na wasomaji wengine, maana barua za vinyonga zimeanza kuja: vinyonga hawafanani. Wale wa kijani wenye ngozi iliyoning'inia shingoni, ambao mnawaona hata huko kwenye joto Kyela na Usangu, hutaga mayai ardhini. Jike akianza kuhangaika, anashuka chini, anakwaruza, halafu ananyong'onyea na tumbo limejaa, huenda mayai yamekwama. Mpeni ndoo yenye udongo wenye unyevu, kina cha sentimita 30, mfunikeni asionekane. Asipotaga na akalegea, ni dharura ya daktari siku hiyo hiyo. Huyu wa pembe tatu wa milimani huzaa watoto hai, kwa hiyo suala hilo halimhusu.

Minyoo sijaisahau. Kinyonga wa porini huwa nayo karibu kila mara, na akiwa na nguvu huishi nayo. Akidhoofika inamzidi. Okoteni choo cha asubuhi kikiwa kibichi, kiwekeni kwenye kichupa safi, mkipeleke pamoja naye. Mkiona kitu kirefu kama uzi kikijikunja chini ya ngozi, msikitumbue, mwonyesheni daktari.

Daktari yupi? Sitakudanganya kwamba kila duka la dawa za mifugo lina mtu wa reptilia. Nenda ofisi ya mifugo ya halmashauri, uliza daktari mwenye shahada, si muuza dawa. Mwambie waziwazi ni kinyonga, mpe uzito kwa gramu, choo, picha za mdomo, na habari ya panzi wa shamba la viazi. Kama hajawahi kumtibu, mwombe awasiliane na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, ndiko wengi wao walikosomea na kuna walimu wanaoshughulika na wanyamapori. Vipimo vya maabara vinaweza kupelekwa kituo cha Iringa cha TVLA, wakala wa maabara za mifugo. Daktari anayesema "ngoja niulize" ndiye ninayemtaka kwako.

Mwanao wa miezi minane yuko salama kwa upande wa sumu. Kinyonga hana sumu, si kwenye mate, si kwenye meno, si kwenye kucha. Nimeumia miaka mingi kuona wanarushiwa mawe njiani kwa sababu ya uvumi huu, na mwambie mama kwa heshima zote kwamba nuksi hiyo haipo. Hatari iliyopo ni bakteria wa salmonela, ambao reptilia wengi huwabeba bila kuumwa, na wanaweza kumharisha mtoto mchanga vibaya sana. Ndiyo sababu ya pili ya kumtoa jikoni. Kila anayemshika anawe kwa sabuni papo hapo, vyombo vyake visioshwe pamoja na vya kulia, na mtoto asimguse kabisa.

Limebaki jambo la sheria, na ningekukosea nikilinyamazia. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyama wa porini hafugwi bila kibali, na kinyonga ni mnyama wa porini. Vinyonga wetu walikamatwa kwa wingi na kuuzwa nje, hadi mwaka 2016 serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai. Akitokea mtu akataka kumnunua, kataeni. Nendeni ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, mkaeleze kama ulivyonieleza mimi: mtoto alimwokota, anaumwa, mnamtibu. Ni bora waisikie kutoka kwenu kuliko kwa mtu mwingine, nao ndio watakaosema arudishwe lini na vipi.

Na arudi, mwanangu. Mdogo wako atalia tena, kwa hiyo anza kuzungumza naye mapema, mpe yeye kazi ya kupulizia maji na kuandika uzito, ajue anamwandaa kwa safari. Asirudishwe akiwa bado anatoa povu au hajamaliza dawa, atawaambukiza wenzake huko. Akiwa anakula mwenyewe, macho yamejaa, uzito umepanda kwa wiki kadhaa, daktari na TAWA wakaridhia, mpelekeni Isongole asubuhi ya jua, kwenye vichaka vilevile alikookotwa. Msimwachie Uyole karibu na viazi.

Ukishamwona daktari, niandikie alichokikuta mdomoni na kwenye choo.